UZI: Amplifaya gani ya tyubu itasukuma spika za elektrostatiki bila kuua trebo (sauti za juu)?

#1 (mleta uzi)

Wakuu salama? Naomba mnisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, wa kwanza nshaufanya tayari.

Nina spika za elektrostatiki, zile za paneli tupu, hazina wufa (spika ya besi) wala boksi, ukizitazama ni kama milango miwili ya wavu imesimama sebuleni. Nlizipata mtumba kwa mzee mmoja alikua anahamia nyumba ndogo. Miaka miwili nimezisukuma na amplifaya ya transista, sauti safi haina ubishi ila kavu, unasikiliza nusu saa unajikuta umeinuka umeenda kufanya mambo mengine.

Mwezi uliopita rafiki yangu kaniazima amplifaya yake ya tyubu, SET ya 300B (yani tyubu moja tu, aina ya 300B, ndo inatoa nguvu kila upande), wati 8 kila upande. Aisee wakuu. Sauti ya mwimbaji ilitoka kwenye paneli ikaja kukaa mbele yangu kabisa, nasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Shida ikaja kwenye matoazi. Pale ambapo nlikua nasikia tsiiii ndefu inafifia taratibu, saivi nasikia tsu, kama mtu anafagia chumba cha pili. Nikasema tyubu zimechoka, nikanunua mpya (huo ndo ujinga wa kwanza), nikaweka, tsu ileile.

Sasa nataka kununua ya kwangu. Nimeona tatu: moja ya tyubu za EL34 pushi-puli (tyubu kwa jozi, moja ikisukuma nyingine inavuta) wati 35, moja ya tyubu za KT88 pushi-puli wati 70, na OTL (isiyo na transfoma ya autiputi) moja ya mtumba ambayo muuzaji anaisifia mpaka naogopa. Rafiki yangu anasema wati 35 zinatosha na kubaki maana nimeshasikiliza kwa 8. Nyie mnasemaje?

#2

Karatasi ya spika inasema ohm ngapi? Na nyuma ya amplifaya ulizichomeka temino ya ngapi, ya ohm 4 au ya 8? Bila hayo tutapiga ramli tu hapa.

#3 (mleta uzi)

Nimegeuza nyuma nikapiga tochi. Imeandikwa ohm 4, halafu chini kwa maandishi madogo ohm 0.8 kwenye 20 kHz. Hiyo 0.8 ndo naiona leo kwa mara ya kwanza, miaka miwili niko nazo. Kwenye ile SET nilichomeka temino ya 8 sababu ya 4 sauti ilikua ndogo kidogo.

#4

Mkuu jibu lako lote liko kwenye hayo maandishi madogo. Tyubu ulizotoa hazikua na kosa lolote, zile mpya karudishe dukani kama bado wanapokea.

Ngoja nieleze taratibu kwa faida ya wengine pia. Spika ya kawaida ni koili na sumaku. Hii yako ndani kuna utando wa plastiki mwembamba wa mikroni chache tu, umebanwa katikati ya nyavu mbili za chuma. Utando unachajiwa volti elfu kadhaa, ndo maana spika zenyewe unazichomeka ukutani. Muziki unaenda kwenye nyavu, utando unavutwa huku unasukumwa kule. Sasa mabamba mawili yametazamana na kuna nafasi katikati, kwa fundi yeyote hiyo ni nini? Kapasita. Amplifaya yako haisukumi koili, inasukuma kapasita, na kapasita kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyokua rahisi kupitisha umeme, yani impidansi (ukinzani wake, ile namba ya ohm) inashuka na kushuka. Kwenye besi utakuta ohm mia na kitu, ukifika juu kabisa unakuta chini ya moja.

Cha pili, hizo nyavu zinataka volti nyingi sana kuliko amplifaya inavyotoa, kwahiyo chini kwenye kile kisanduku kuna transfoma inapandisha. Tuseme inapandisha mara 100. Hapo watu wengi hawajui kwamba transfoma ikipandisha volteji mara 100, kapasita ya paneli ikitazamwa kutoka upande wa amplifaya inakua mara 100 kwa 100, yani elfu kumi. Paneli ya nanofaradi 1, kitu kidogo kabisa, mbele ya amplifaya inakua maikrofaradi 10. Piga hesabu ya maikrofaradi 10 kwenye 20 kHz, unapata ohm 0.8. Sijui kama spika yako ni hesabu hizohizo ndani, ila namba ya nyuma inafanana, tuendelee nayo.

Sasa njoo kwenye SET. Amplifaya nayo ina impidansi yake upande wa autiputi, na 300B isiyo na fidibaki (kurudisha sehemu ya autiputi mwanzoni ili amplifaya ijirekebishe) kwenye temino ya 8 inaweza kua na ohm 2 au zaidi. Ohm 2 ikifuatiwa na maikrofaradi 10 ni kichujio cha kukata trebo, hakuna jina lingine. Kinaanza kukata kwenye kama 8 kHz. Pale pale matoazi yanapoishi. Kwahiyo ulikua umejenga kitufe cha trebo, ukakizungusha chini, ukakilehemu kisizunguke tena.

#5

Nakupinga kidogo mkuu hapo juu. Quad, kampuni ya Uingereza, walitoa spika yao ya elektrostatiki mwaka 1957 na amplifaya iliyokua inauzwa nayo ni Quad II ya 1953, tyubu mbili za KT66, wati 15. Kumi na tano! Na mpaka leo kuna watu hawasikii kitu kingine. Zote kazi ya Peter Walker, mwanzilishi wa Quad. Sasa kama tyubu zinaua trebo mbona zile haziui?

#6

Hiyo Quad ya 57 impidansi yake iko juu zaidi, inahesabika kama ya ohm 16, inashuka kwenye masafa ya juu lakini haifiki kwenye 0.8. Halafu Quad II sio SET. Ni pushi-puli, ina fidibaki, na transfoma yake ina waya maalum uliopitishwa kwenye kathodi za zile KT66, hiyo peke yake inashusha impidansi ya autiputi. Walker alikua anajua anasukuma nini.

Na wati 15 haikua ubahili. Hizo paneli za 57 zina ukomo wa kama volti 33 za kilele, ukivuka unaanza kupiga cheche ndani na paneli inatoboka. Mwenye nazo akiweka amplifaya la wati 200 halafu mtoto akazungusha volyumu, kwisha habari. ESL-63 iliyokuja 1981 ndo waliweka ulinzi ndani.

#7

Nyie mnateseka bure, nunueni transista mlale.

#8 (mleta uzi)

#7 soma post ya kwanza basi ndugu yangu, nimetoka huko huko.

#9

Na hata transista sio zote. Kuna moja nilikua nayo ikiona paneli sauti ikipanda kidogo tu inajizima, prrk, kimya, inajiwasha tena. Ilidhani kuna shoti. Nikiiweka kwenye spika za kawaida haina hata homa.

#10

OTL mmeiruka. Mimi natumia OTL na paneli mwaka wa tano. OTL haina transfoma ya autiputi, tyubu zinaenda moja kwa moja kwenye spika, mtu wa kwanza kuzifanya zikajulikana ni Julius Futterman huko Marekani miaka ya 50, na ndoa yake na elektrostatiki ni ya zamani. Sababu ni kwamba OTL inapenda impidansi kubwa na paneli kwenye besi na midi (masafa ya kati) ndo ina impidansi kubwa. Midi yake wakuu sijasikia popote.

Lakini kwa spika yenye 0.8 sikushauri. Mimi zangu hazishuki hivyo. Kuna watu wanaweka autofoma (aina ya transfoma) katikati ili amplifaya ione mzigo mwepesi, inasaidia, ila sasa umeondoa transfoma ukarudisha transfoma. Na jambo moja la kuangalia sana: OTL ya mtumba tyubu moja ikilegea unaweza kupata DC (umeme usiobadilika mwelekeo, kama wa betri) kwenye spika. Paneli ina transfoma mlangoni, na waya wa ile transfoma kwa DC ni kama shoti. Muulize muuzaji kama ina kinga, ujue na tyubu ziko ngapi, zangu ni 8 kila upande na sebule inapata joto kama kuna wageni kumi.

#11 (mleta uzi)

OTL naifuta. Asante kwa ukweli mkuu.

Sasa swali, hiyo impidansi ya autiputi naijuaje? Nimetafuta kwenye karatasi za hizo EL34 na KT88 hawaandiki, wanaandika wati na uzito tu. Nina multimita na chuma cha kulehemu, sio fundi lakini waya naujua.

#12

Utapima mwenyewe, ni rahisi mpaka utacheka. Tafuta rezista ya ohm 8 na ya ohm 4, za wati 10, zile nyeupe za udongo zinafaa. Spika chomoa kabisa. Cheza toni ya 200 Hz toka kwenye simu (usiende juu sana, multimita nyingi za kawaida zinadanganya ukipandisha masafa). Volyumu pandisha pole pole mpaka mita isome kama volti 2 za AC kwenye temino ya 8 bila rezista. Andika. Usiguse volyumu. Sasa weka rezista ya 8, soma tena. Gawa ya kwanza kwa ya pili, toa moja, zidisha kwa 8. Ukitumia temino ya 4 weka rezista ya 4 na zidisha kwa 4.

Amplifaya ya tyubu kukaa bila mzigo sekunde chache kwa volti 2 haina shida ila usiiache hivyo ukapandisha sauti, transfoma inaweza kupiga cheche ndani ukaiua.

Na kila kitu pima NJE kwenye temino za spika. Usifungue chini.

#13

Narudia hiyo ya mwisho. Usifungue chini. Humo kuna volti 400 mpaka 500 na kapasita zinazishika hata ukichomoa ukutani. Mimi nilichomoa, nikanywa chai, nikarudi, nikaingiza mkono. Nilijikuta nimekaa chini na bisibisi iko upande wa pili wa chumba. Mpaka leo siingizi mkono bila kutoa chaji kwa rezista na kupima kwanza na mkono mmoja naweka mfukoni.

#14 (mleta uzi)

Nimepima. SET ya rafiki yangu:

temino ya 8, bila mzigo 2.00, na rezista ya 8 ikashuka 1.52. Napata ohm 2.5.
temino ya 4, bila mzigo 1.41, na rezista ya 4 ikawa 1.07. Napata kama 1.27.

Yani ni nusu?? Mita yangu iko sawa au nimekosea?

#15

Iko sawa kabisa na umenipita, mimi nilikisia 2. Ukihama temino ya 8 kwenda ya 4 impidansi ya autiputi inakatika nusu, ndo kazi ya transfoma. Sasa tazama maana yake kwenye spika ya mfano wetu wa maikrofaradi 10. Kwa ohm 2.5, kwenye 10 kHz umepoteza karibu desibeli 5 na nusu, kwenye 20 kHz zaidi ya 10. Hiyo ndo tsu yako. Ukihamia temino ya 4 unapoteza hizo 5 na nusu kwenye 20 kHz badala ya 10 kHz, yani hasara imesogea mbali na masikio. Jaribu sasa hivi, bure, waya mbili tu.

#16 (mleta uzi)

Nimehamisha. Wakuu matoazi yamerudi. Sio yote, ule mwisho wa kufifia bado unakatika, ila ile blanketi imetoka. Mwezi mzima nilikua nimekaa kwenye temino isiyo yangu kisa sauti ilikua kubwa kidogo.

Ila saivi naishiwa nguvu mapema. Muziki wa bendi kubwa ukipanda sauti inakua kama imebanwa koo.

#17

Ndo nlikua nasubiri ufike hapo, maana hilo la rafiki yako kwamba wati 35 zinatosha na kubaki linahitaji kuchokonolewa.

Paneli hailipwi kwa wati, inalipwa kwa volti. Utando unasukumwa na volteji basi. Sasa amplifaya ya wati 35 kwenye temino ya 8 inakupa karibu volti 16.7. Ukihamia temino ya 4 ili kuokoa trebo, wati ni zilezile 35 lakini volti zinashuka mpaka 11.8. Umenunua trebo kwa kulipa sauti. Ya wati 70 kwenye temino ya 4 inatoa ngapi? Piga: 16.7. Ileile ya wati 35 kwenye 8. Unaona sasa? Zile wati za ziada za KT88 hununui ili upige kelele, unanunua ili uweze kushuka temino bila kukabwa koo. Ndo maana mimi mtu akiniambia paneli yake inataka wati nyingi sibishi, nabishia sababu anayotoa.

Ukipata yenye temino ya 2 ndo raha zaidi lakini hazipatikani hovyo.

#18

Nimesoma #17 mara tatu. Miaka yote nimekua nawaambia watu wati ni wati.

#19

Mimi naona mmeisahau haibridi. Kuna hizi zenye paneli juu na wufa chini yenye amplifaya yake ya ndani, baadhi ya MartinLogan ziko hivyo. Besi inajitegemea, tyubu yako inabaki na paneli tu, hata wati 30 unaona zinapumua. Impidansi ya juu inabaki palepale lakini, kuna modeli inaandikwa 0.7 kwenye 20 kHz, kwahiyo hesabu za hapo juu ni zilezile.

Na nani alisema lazima transfoma? Acoustat walitengeneza spika zenye amplifaya ya tyubu ndani yake inayolisha nyavu moja kwa moja kwa volti maelfu, hakuna transfoma kati. Beveridge nao. Hiyo kwangu ndo ilikua akili kubwa kuliko zote, tyubu ni kitu kinachopenda volti nyingi na ampea kidogo, paneli inataka volti nyingi na ampea kidogo, sisi tunashusha volti kwa transfoma moja halafu tunazipandisha tena kwa nyingine.

#20

Hiyo ya volti maelfu mtu asijaribu kujenga nyumbani tafadhali.

#21 (mleta uzi)

Kuna dada mmoja ananiuzia KT88 kakubali niipime kwake na hata nibebe spika moja nikasikilize. Kabla sijaenda, kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya hiyo ohm? Maana nimeambiwa ina fidibaki nyingi, wengine wanasema fidibaki ni sumu.

#22

Fidibaki sio sumu, ndiyo inayoshusha hiyo ohm. Shida yake na paneli ni utulivu. Transfoma ya autiputi inachelewesha mawimbi ya juu, kapasita ya spika inachelewesha zaidi, ule mrudisho ukifika umechelewa vya kutosha badala ya kurekebisha unachochea. Amplifaya inaanza kupiga miluzi peke yake kwenye masafa ambayo husikii.

Ilinikuta na amplifaya niliyojenga mwenyewe. Kwenye spika za kawaida iko shwari. Nikaweka paneli, kimya, hakuna muziki bado, naona tyubu zimebadilika rangi. Sahani za ndani ya tyubu zilianza wekundu wa kiza kama mkaa unaowaka upya. Masikio hayasikii kitu. Nikazima mbio. Fundi aliweka oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) tukaona wimbi nene la masafa ya juu huko, hakuna aliyelialika. Tukapunguza fidibaki na kubadilisha kapasita ndogo ya kurekebisha, ikatulia, ohm ikapanda kidogo lakini tyubu zikaishi.

Kwahiyo ukienda kama kuna oskiloskopu waombe wimbi la mraba la 10 kHz, rezista ya 8 na kapasita ya maikrofaradi 2 sambamba. Pembe ya wimbi ikitikisika mara mbili tatu ikatulia ni kawaida. Ikitikisika mpaka mwisho wa bapa, waachie amplifaya yao. Kama hakuna oskiloskopu, chomeka paneli, washa, usicheze kitu, zima taa za chumba na tazama sahani za tyubu dakika kumi. Nyuzi kung'aa rangi ya chungwa ni sawa. Sahani kuwa nyekundu sio sawa.

#23

Na uliza kama ni ya bayasi (umeme unaopita kwenye tyubu hata bila muziki) ya kujirekebisha au ya kurekebisha kwa mkono. Ya mkono sio mbaya, nyingi zina tundu la kupimia, rezista ya ohm 1, milivolti 50 ndo miliampea 50. Ila ujue utakua unaipima kila baada ya muda, kama huna subira chukua ya kujirekebisha.

#24 (mleta uzi)

Wakuu nimerudi.

KT88 temino ya 4: bila mzigo 1.41, na rezista ya 4 ikawa 1.28. Ohm 0.41. Nimekagua mara mbili. Kwa zile hesabu ni hasara ya kama desibeli 1 tu kwenye 20 kHz, na masikio yangu ya umri huu 20 kHz yanaisikia kwa kuhadithiwa. Oskiloskopu haikuwepo, tumezima taa tukakaa gizani mimi na yule dada tunatazama tyubu kama watu wanaosubiri mzimu, dakika kumi, sahani nyeusi tii. Nikaisikiliza. Tsiiii. Imerudi yote na mkia wake.

Midi sio ileile ya 300B, nisiseme uongo. 300B ilikua na kitu fulani kwenye sauti ya mwanamke, hii ina nusu yake au zaidi kidogo. Ila bendi kubwa inapanda na haikabwi.

Nimelipia.

Sasa nyumbani kimezuka kingine. Spika ya kulia iko chini kuliko ya kushoto. Amplifaya mbovu?

#25

Usiiguse amplifaya. Zima, badilisha waya za spika, ya kulia ipeleke kushoto. Udhaifu ukihama ni amplifaya. Ukibaki kulia ni spika.

#26 (mleta uzi)

Umebaki kulia.

#27

Basi ni paneli, na usishtuke bado. Utando wenye chaji unavuta vumbi kama ukuta wa jikoni unavyovuta masizi, vumbi likishika unyevu chaji inavuja na spika inashuka sauti. Ukizima taa usiku na kuiweka sikio karibu unaweza kusikia tik, tik. Chomoa ukutani spika yenyewe, iache masaa kadhaa chaji itoke, halafu pitisha mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini mbele na nyuma taratibu. Maji marufuku. Chomeka iache usiku kucha ijichaji. Ikiwa bado, ni ile sehemu ya kupandisha volti za chaji imechoka, hiyo ni kazi ya fundi.

Wangapi wamebadilisha amplifaya tatu kumbe vumbi.

#28 (mleta uzi)

Mfuko wa mashine ulitoka na kitu kama nusu paka. Leo asubuhi nimewasha, zimelingana. Zilivyokua zimekaa muda wote karibu na ukuta nimezisogeza mbele pia kama mita moja na nusu maana paneli inapiga mbele na nyuma sawa, besi imejipanga.

SET nimemrudishia rafiki yangu jana. Kaniuliza kwa hasira kidogo mbona kwake inalia vizuri na trebo iko, nikamuuliza spika zako ni zipi, akasema za honi. Nikamtumia linki ya uzi huu, hajajibu.